Mpanga Jozi

Chukua wachezaji 24 wa sataranji wanaogombea ubingwa wa klabu yao. Ukitaka kila mmoja akutane na kila mmoja, utahitaji raundi 23 na michezo 276, na klabu inayokutana mara moja kwa wiki itakuwa bado inamtafuta bingwa wake miezi mitano baadaye. Ukichagua mtoano, raundi ya kwanza peke yake itawarudisha nyumbani watu 12 waliolipa ada, wakapanda matatu, wakacheza mchezo mmoja basi. Baina ya njia hizo mbili ndipo ufundi wa kuandaa mashindano unapoanza. Nimeutazama ufundi huo kwa miaka mingi katika klabu moja ya Mombasa, mikononi mwa mzee ambaye sote twamwita Mwalimu. Ni mchezaji hodari, lakini tangu alipokubali kuyaandaa mashindano ya ubingwa hajayacheza tena. Haoni sawa mtu kupanga jozi ambazo naye yumo.

Tatizo hili lina umri mrefu. Mashindano ya kwanza ya kimataifa ya sataranji yalifanyika London mwaka 1851, na mwandaaji wake, Howard Staunton, alitumia mtoano, wapinzani wakapatikana kwa kura. Kura ikamkutanisha Adolf Anderssen wa Ujerumani na Lionel Kieseritzky, mkazi wa Paris, wote wawili wakiwa miongoni mwa wachezaji wakali wa zama zile, katika raundi ya kwanza kabisa. Kieseritzky akatoka mapema, Anderssen akaendelea hadi kutwaa ubingwa. London ilipoandaa tena mashindano makubwa mwaka 1862, kila mchezaji alikutana na kila mwenzake. Hiyo ndiyo haki iliyokamilika, ila inataka watu wachache na siku nyingi. Jawabu la wenye watu wengi na siku chache lilipatikana Zürich mwaka 1895, pale Julius Müller alipoleta mpango ambao mpaka leo unaitwa wa Kiswisi. Hata Olimpiadi ya Sataranji, inayokusanya timu za mataifa ya dunia nzima, imekuwa ikichezwa kwa mpango huo tangu ile ya Haifa ya mwaka 1976.

Katika mpango wa Kiswisi hatolewi mtu. Ukishinda unapata alama moja, ukitoka sare unapata nusu, ukifungwa huna kitu. Na raundi inayofuata unakutana na mtu mwenye alama kama zako. Raundi 5 zinatosha kumpata mshindi mmoja wa pekee kati ya watu 32 iwapo hakuna sare. Klabu yetu hucheza raundi 6, ambayo ni michezo 72 badala ya 276.

Raundi ya kwanza hupangwa kwa reitingi, kile kipimo cha nguvu za mchezaji kilichobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani, na kupokewa na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Majina huandikwa kuanzia mwenye reitingi kubwa hadi mgeni asiye nayo, kisha orodha hukatwa katikati: wa 1 hucheza na wa 13, wa 2 na wa 14, mpaka wa 12 na wa 24. Tuseme hakuna sare. Baada ya raundi mbili watu 6 wana alama 2, watu 12 wana alama 1, na 6 hawana alama. Hadi hapo hesabu inateleza. Baada ya raundi ya tatu wenye alama 3 wamebaki watatu, na watatu hawagawanyiki wawili wawili. Mmoja wao lazima ateremshwe akacheze na mwenye alama 2. Ni yupi?

Kwa swali hilo Mwalimu hutoa kadi zake. Kila mchezaji ana kadi moja ya karatasi ngumu: jina, reitingi, namba ya kila mpinzani aliyekwisha kukutana naye, rangi aliyochezea, matokeo. Anazitandaza mezani kwa makundi ya alama, wa juu kushoto, wa chini kulia. Kanuni inamwelekeza amteremshe yule wa chini kabisa katika kundi. Lakini huyo labda ameshacheza na wale wote wanaomfaa kule chini, na kanuni ya kwanza kabisa ya Kiswisi ni kwamba wawili hawakutani mara mbili. Au labda ameshika kete nyeusi raundi mbili zilizopita, na hairuhusiwi mtu kupewa rangi moja mara tatu mfululizo, kwa kuwa mweupe ndiye anayeanza na kuanza ni faida. Basi kadi inarudi juu, ya pili inashuka, na kushuka kwake kunavuruga jozi mbili zilizokuwa zimetulia. Hunyanyua kadi, akaishikilia hewani, akairudisha palepale. Hana haraka. Nimewahi kuketi kando yake nikiwa na hakika kwamba jozi za meza ya kwanza hadi ya tano zimekwisha, akazibomoa zote kwa sababu ya watu wawili wa mkiani waliobaki bila wapinzani halali. Mtu wa mkiani, mwenye alama sifuri, hupangiwa kwa uangalifu uleule anaopangiwa anayeongoza, na hili kwangu ndilo jambo zuri kuliko yote katika kazi yake.

Ipo programu ya kompyuta inayofanya haya yote kwa nukta chache, tena Mwalimu anayo na anaiendesha vizuri, maana matokeo hupelekwa kwenye shirikisho yakiwa ndani ya faili lake. Hata hivyo hupanga kwanza kwa kadi, ndipo hufungua kompyuta kulinganisha. Zikitofautiana, haamini upande wowote mpaka ajue ni kanuni ipi iliyozitofautisha. Kijana mmoja alimwuliza kwa nini anajichosha. Jibu lake nalikumbuka: “Mwanangu, kesho mtu atakuja kuniuliza kwa nini yeye. Nimwambie kompyuta imesema?”

Na kweli huja. Aliyeshinda hana swali. Anayekuja ni aliyefungwa, au anayeogopa kufungwa, naye hustahili kuonyeshwa kwa kidole kila hatua iliyomfikisha kwenye meza ile. Mwaka mmoja walikuwamo baba na bintiye, na ilipofika raundi ya nne kadi zao zikaangukiana. Baba akaja, akamwamkia, akaomba kwa adabu: “Mwalimu, tutenganishe. Sitaki mtoto ajione amekatwa na babake, wala mimi sitaki kusemwa kwamba nimemwachia.” Mwalimu akamketisha, akazitandaza kadi za kundi lao zote, akamwonyesha kila jozi iliyowezekana na kile ambacho kila moja ingekivunja. Baba akakaa kimya akizitazama, akashukuru, akaenda kucheza. Walitoka sare baada ya mchezo mrefu wa kukabana kwelikweli, na hakuna aliyenong'ona.

Wachezaji wakiwa witiri, mmoja hukosa mpinzani na hupewa alama ya bure. Hii pia ina utaratibu: hupewa wa chini kwenye msimamo, tena mara moja tu katika mashindano yote. Mwalimu haipendi alama hii. Mtu ametoka Mtwapa kwa nauli yake, kisha aambiwe ameshinda bila kugusa kete! Kwa hiyo tangu Jumatano huanza kupiga simu akiuliza nani anakuja na nani ana dharura, ili akimjua mapema mtu anayejitoa, apate nafasi ya kupanga upya.

Ratiba yake nayo ina fikra nyingi kuliko inavyoonekana ukutani. Ubingwa huchezwa Jumapili sita, raundi moja kila Jumapili, saa nane mchana. Ijumaa haiwezekani kwa sababu ya swala. Jumamosi ingewatupa nje Wasabato, na Jumapili asubuhi ingewatupa nje wanaokwenda kanisani. Saa nane watu wametoka ibadani, adhuhuri imeshaswaliwa, na chakula kimeliwa. Kila mchezaji hupewa dakika 60, na sekunde 30 huongezwa kwa kila hatua anayocheza. Mchezo wa hatua 60 humpa kila mmoja dakika 90, yaani saa tatu kwa wote wawili. Kufikia saa kumi na moja meza nyingi zimefunguka, na mwenye kuswali alasiri bado ana wakati kabla ya magharibi. Anayetaka kutoka katikati ya mchezo huenda wakati ni zamu ya mwenzake, kwa sababu mwenye zamu haruhusiwi kutoka bila idhini ya mwamuzi. Wiki sita hizo huhesabiwa kurudi nyuma ili raundi ya mwisho iwe imekwisha kabla ya Ramadhani kuingia. Hasara ya mpango huu ni kwamba wiki sita ni nyingi na watu huchoka; ndiyo maana ya zile simu za Jumatano.

Saa nane ikifika, saa za mezani huanzishwa, awe mtu amefika au hajafika. Walio ng'ambo hukawizwa na feri ya Likoni, na kila mtu mjini anajua kwamba feri haina neno la kweli. Mwalimu huwahurumia, lakini huruma hiyo huitoa mapema: tangazo la siku ya kwanza linasema kwamba atakayechelewa nusu saa amepoteza mchezo, na hilo limeandikwa, limesomwa kwa sauti, na kila mmoja ametia sahihi. Anayefika saa nane na dakika ishirini hukuta dakika zake zimepungua 20 na hana wa kumlaumu.

Saa hizo zenyewe zina historia ninayoipenda. Katika yale mashindano ya mwaka 1851 hakukuwa na saa, na Staunton alilalamika vikali juu ya mpinzani wake Elijah Williams, aliyekuwa akifikiri bila kikomo. Saa ya nyuso mbili, iliyobuniwa na Thomas Bright Wilson wa Manchester, ilitumiwa katika mashindano ya London ya mwaka 1883. Wazo la kuongeza sekunde kwa kila hatua ni la Bobby Fischer, aliyelisajili hataza miaka ya mwisho ya 1980, na linamwokoa mwenye mchezo mzuri asife kwa sababu tu mkono umechelewa. Zetu ni za betri. Stima ikipotea, pangaboi husimama na jasho humwagika, lakini saa zinaendelea, na madirisha ya ukumbi huo yanatosha kwa mwanga. Mwalimu aliuchagua kwa madirisha yake.

Yeye hufika saa sita na nusu na kuanza kuhesabu kete. Meza 12 zina kete 384, na kila meza huongezewa malkia wawili wa akiba, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Sababu ya malkia hao wa akiba hujulikana kwa waliowahi kuumia: askari akifika mwisho wa ubao hugeuzwa kuwa malkia, na kama malkia hayupo karibu, mchezaji mwenye haraka huchukua ngome akaipindua juu chini. Kwa sheria za FIDE ngome iliyopinduliwa ni ngome. Michezo imepotea kwa hilo. Malkia mmoja wa plastiki pembeni mwa meza huliondoa janga zima, na sijui tahadhari iliyo ya bei rahisi kuliko hiyo.

Kisha kuna watazamaji. Sisi ni watu wa baraza. Tumekulia kwenye drafti na bao, ambako anayetazama ana haki ya kusema karibu sawa na anayecheza, na mchezo usio na kelele huonekana una wagonjwa. Sataranji ya mashindano haitaki hata kikohozi chenye maana. Mwalimu hapigi watu kelele za “nyamazeni”. Ameweka meza ya kumi na tatu nje barazani, yenye ubao mmoja bila saa, na mahamri na chai ya tangawizi, na huko mtu hubishana apendavyo juu ya mchezo wa ndani. Simu hubaki kwenye bahasha zenye majina, mezani kwake, zikiwa zimezimwa. Wanaoingia ndani husimama umbali wa hatua mbili, nao wameshasema yaliyowajaa moyoni.

Uamuzi ndio mahali ninapomtazama zaidi. Nichukue kisa kimoja. Raundi ya tano, meza ya pili, kijana alisimamisha saa na kudai sare kwa sababu ubao umekuwa vilevile mara tatu. Mpinzani wake, mwenye faida ndogo na njaa ya ushindi, akakataa. Mwalimu akamwuliza kijana jambo moja tu: je, hatua unayokusudia umeiandika? Alikuwa ameiandika bila kuicheza, kama sheria itakavyo. Basi akachukua karatasi za hatua za wote wawili, akaenda kwenye ubao wa pembeni, akaucheza mchezo mzima tangu mwanzo peke yake, huku akiweka alama ya penseli kila alipokuta sura ile. Kete zilikuwa mahali palepale mara tatu, hilo halikuwa na shaka. Lakini ile mara ya kwanza mfalme mweupe alikuwa hajasogea bado, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuruka pamoja na ngome yake kujihami. Baadaye alisogea hatua moja akarudi, na haki hiyo ikafa. Kwa sheria, ubao wenye haki hiyo na ubao usio nayo ni vitu viwili, hata kama jicho linaviona kimoja. Sura ile ilikuwa imetokea mara mbili tu.

Akawaita wote wawili pale pembeni, akawaonyesha kwa sauti ya chini, akaanza na kijana. Dai halikutimia, mpinzani akaongezewa dakika 2 kama adhabu isemavyo, na hatua iliyoandikwa ikabidi ichezwe. Kijana akasema, “Nimeelewa, Mwalimu,” akarudi mezani. Sare ikaja yenyewe baada ya hatua nyingine nyingi. Nilichokistaajabia ni kwamba hakuna aliyepandisha sauti katika jambo ambalo lingeweza kuvunja klabu, na kijana yule leo ndiye anayewafundisha wageni sheria ya sura tatu.

Mwaka huo wawili walimaliza na alama 5 kati ya 6. Kwenye Kiswisi hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa aliyefungwa mapema hushuka chini, akakutana na wanyonge, akapanda tena kimyakimya. Dawa yake ina jina la Bruno Buchholz, Mjerumani aliyeipendekeza mwaka 1932: jumlisha alama za wapinzani wote wa kila mmoja, na ambaye wapinzani wake wamekusanya nyingi zaidi ndiye aliyepita njia ngumu. Mmoja wa wale wawili alikuwa na 21, mwingine 19½. Hesabu hiyo Mwalimu aliifanya ubaoni kwa chaki mbele ya wote, mpinzani kwa mpinzani, ingawa kompyuta ilikuwa imeshaitoa. Na njia yenyewe ilikuwa imetangazwa tangu Jumapili ya kwanza, kabla hajajua itamfaa nani. Kutangaza baada ya kuona majina ni dhuluma, hata kama nia ni safi.

Kuhusu zawadi sina mengi. Kikombe, vyeti, na bahasha ndogo inayotokana na ada. Wajumbe huzigombania sana kwenye vikao, na nadhani hazistahili nusu ya muda huo.

Dunia inamjua Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mwaka 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na inamjua mwalimu wake Robert Katende. Filamu ya mwaka 2016 ilihakikisha hilo. Kila mchezaji wa namna yake amepita kwanza katika kumbi ndogo ambako mtu fulani alihesabu kete, akapanga jozi, akasuluhisha ugomvi. Kazi hiyo ina elimu yake na ngazi zake: FIDE hutoa kozi na vyeo kwa waamuzi kama inavyotoa vyeo kwa wachezaji, hadi kile cha mwamuzi wa kimataifa. Klabu zetu za pwani na bara zina vijana wengi waliohifadhi ufunguzi wa michezo kwa kina cha kushangaza. Wanaoweza kupanga raundi ya nne kwa kadi, kisha wamweleze aliyefungwa kwa nini yuko meza ya tisa, ni wachache mno.

Kwa hiyo, wewe uliye na klabu, ubingwa wenu ujao ukikaribia, teua vijana wawili wasiocheza mwaka huo. Waketishe kando ya mpanga jozi wenu tangu raundi ya kwanza, wawe na kadi zao wenyewe, wapange kila raundi kabla yake, kisha walinganishe. Akiwa hayupo wa kuwafundisha, mwombeni shirikisho la nchi yenu liwaletee kozi ya waamuzi. Mwalimu ameanza kutafuta wawili wake, na amesema atakuwa nao kila Jumapili mpaka wampinge na wawe na haki.